Sita Katika Elfu Kumi

Akimaliza kusoma habari mtandaoni, msomaji huteremsha macho hadi kwenye maoni, akakuta matusi, akahitimisha kwamba jamii imeharibika. Hitimisho hilo halina msingi, maana waandikao si jamii. NPR, redio ya umma ya Marekani, ilipofunga sehemu ya maoni ya tovuti yake Agosti 2016, ilitoa hesabu za Julai: wasomaji karibu milioni 33, maoni 491,000, na walioyaandika yote hayo 19,400 tu. Katika kila wasomaji 10,000, sita hivi ndio waliofungua mdomo. Basi anayesema wananchi wamechachamaa kwa sababu kaona maoni mia mbili, aulizwe kwanza yametoka kwa watu wangapi.

Uchache huo usingekuwa na madhara kama tungeupuuza, lakini kupuuza hatuwezi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison waliwapa zaidi ya watu 1,000 makala moja kuhusu teknolojia ya nano, baadhi wakiwekewa maoni ya kistaarabu na baadhi ya matusi. Matusi hayakuongeza ushahidi wowote, ila walioyasoma walizidi kugawanyika juu ya hatari za teknolojia hiyo. Jarida la Popular Science lilitaja utafiti huo lilipofunga maoni yake mwaka 2013.

Wapo watakaosema kuchuja maoni ni kumziba mwananchi mdomo, na hofu yao si ya bure: gazeti la Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, lilichapa barua na mashairi ya wasomaji, lakini mwenye gazeti alikuwa serikali ya kikoloni, na achaguaye barua huchagua pia kimya. Hata hivyo, kuacha mlango wazi nako huziba midomo. Gazeti la Guardian la Uingereza lilipochambua maoni yake milioni 70 mwaka 2016, lilikuta kwamba kati ya waandishi kumi walioshambuliwa zaidi, wanane walikuwa wanawake na wawili wanaume weusi, ingawa wengi wa waandishi wake wa kudumu wa makala za maoni walikuwa wanaume wazungu. Na uchujaji wenyewe haukuziba wengi: maoni yaliyozuiwa yalikuwa kama asilimia 2 tu. Kufunga kabisa, kwa upande mwingine, huwahamishia wagomvi Facebook, ambako kauli ya mhariri ni ndogo. Kwa hiyo chombo kisichoweza kulipa mishahara ya wasimamizi wa maoni kifungue mjadala kwenye habari chache kinazoweza kuzichunga, nyingine kiziache bila maoni.