Je, Wajua Kioo Kimoja cha Kompyuta Kinaweza Kubeba Maeneokazi Kadhaa?

Je, wajua kwamba laptop yako inaweza kukupa maeneokazi (desktop) mawili, matano au zaidi bila kununua kioo kingine? Windows ina uwezo huo tangu toleo la 10 lilipotoka Julai 2015. Hauhitaji intaneti wala programu ya kuongezea, lakini wengi hawajawahi kuugusa.

Wazo lenyewe ni la zamani zaidi. Mwaka 1986, Austin Henderson na Stuart Card, watafiti wa kituo cha Xerox PARC huko California, Marekani, walichapisha makala kuhusu mfumo wao ulioitwa Rooms, yaani vyumba. Walieleza kwamba mtu hufungua madirisha kwa makundi: kundi hili la kazi hii, kundi lile la kazi ile. Kioo kikiwa kidogo, muda huishia kwenye kufukua dirisha lililofunikwa na mengine. Basi kila kazi ipewe chumba chake, na mtumiaji ahame mwenyewe badala ya kupangua madirisha. Watumiaji wa Linux walinufaika na wazo hilo mapema, Apple ikaliingiza kwenye Mac mwaka 2007, na Windows ikafuata.

Faida yake inaonekana wazi katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, Tanzania. Katika kituo cha huduma kwa pamoja mpakani Rusumo, kati ya Tanzania na Rwanda, wakala wa forodha mwenye lori la kwenda Kigali anahitaji mfumo wa forodha, ankara na barua pepe za mteja kwa wakati mmoja. Katika redio kama Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na Jesuit Refugee Service kuwahudumia wakimbizi, mtayarishaji huhariri sauti huku taarifa ya habari ikimsubiri. Mhasibu wa halmashauri naye ana mifumo ya serikali, MUSE ya malipo na NeST ya manunuzi, pamoja na majedwali ya Excel. Madirisha yakichanganyika, ni rahisi tarakimu ya kazi moja kuingia kwenye nyingine.

Namna ya kutumia ni hii. Bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl na D. Eneokazi jipya, tupu, litafunguka. Kuhama, shika Windows na Ctrl, kisha bonyeza mshale wa kulia au wa kushoto. Windows na Tab hukuonyesha maeneokazi yote, na hapo unaweza kuvuta dirisha kutoka moja kwenda jingine. Windows, Ctrl na F4 hufunga eneokazi ulilomo; madirisha yake hayapotei, huhamia eneokazi la jirani.

Zingatia mambo mawili. Kwanza, programu usiyoiona bado inatumia kumbukumbu ya kompyuta, hivyo mashine yenye RAM ndogo haitapata nafuu ya kasi. Pili, eneokazi la pili si mahali pa siri: yeyote aliyeshika kompyuta yako anaweza kulifungua. Mnaotumia mashine moja ofisini, kila mtu awe na akaunti yake yenye nywila.

Kabla ya kutenga fedha za kioo cha pili, jaribu uwezo ulioulipia tayari. Anza leo na maeneokazi mawili: moja la kazi kuu, jingine la barua pepe na mazungumzo.