Kuongeza Akiba ya Uzeeni Baada ya Kukatwa Kodi



Katika vijiji vyetu wako watu wengi wanaofanya kazi za mshahara. Wengine wako katika mashamba ya chai na mkonge, wengine viwandani, wengine ni madereva na walinzi. Mwisho wa mwezi husikika wakisema, "Wamenikata tena!" Lakini makato hayafanani. Leo tutaeleza makato mawili, kisha tutaeleza akiba ya ziada ambayo mtu huiweka kwa hiari yake.

Makato ya kwanza ni mchango wa uzeeni. Hapa Tanzania, mfanyakazi wa kampuni au wa mtu binafsi huchangia katika NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Mchango ni shilingi 20 katika kila shilingi 100 za mshahara. Mfanyakazi hukatwa shilingi zisizozidi 10. Zinazobaki hutolewa na mwajiri.

Makato ya pili ni kodi. Kodi hii haihesabiwi kwa mshahara wote. Kwanza unatolewa mchango wa uzeeni, ndipo kodi inahesabiwa kwa fedha inayobaki.

Tuchukue mfano. Mshahara ni shilingi 500,000 kwa mwezi. Mchango wa mfanyakazi ni shilingi 50,000. Zinabaki 450,000. Shilingi 270,000 za kwanza hazina kodi. Shilingi 180,000 zilizo juu ya hapo hutozwa asilimia 8, yaani shilingi 14,400. Basi mfanyakazi anapokea mkononi shilingi 435,600.

Sasa tuseme huyu mfanyakazi anataka kuongeza shilingi 20,000 kila mwezi kwa ajili ya uzee wake. Hizo zitatoka wapi? Zitatoka katika zile 435,600. Ni fedha iliyokwisha katwa kodi. Kabla ya kufanya hivyo ajue mambo matatu.

1. Mchango wa ziada haupunguzi kodi
Nafuu ya kodi ni kwa mchango ule wa lazima. Ukiongeza kwa hiari yako, kodi yako inabaki ile ile. Tena, sheria haimlazimishi mwajiri kuongeza chochote kwa sababu wewe umeongeza.

2. Pensheni ya mwezi ina hesabu yake
Watu wengi hudhani kwamba ukiongeza mchango, pensheni ya kila mwezi nayo inapanda. Sivyo. Pensheni huhesabiwa kwa miezi uliyochangia na wastani wa mshahara wako. Idadi ya miezi hugawanywa kwa 580, kisha huzidishwa kwa wastani huo. Tangu Julai 2022, asilimia 33 ya pensheni hiyo hugeuzwa kuwa malipo ya mkupuo, na asilimia 67 hulipwa kila mwezi.

Kwa hiyo aliyechangia miezi 300, kwa wastani wa mshahara wa shilingi 500,000, atapata mkupuo wa karibu shilingi 12,800,000, na karibu shilingi 173,000 kila mwezi. Akiba ya ziada haimo katika hesabu hii. Ni fungu lake peke yake. Utakachokipata huko kinatokana na ulichoweka na faida yake.

3. Fedha hii ni ya uzeeni
Mtu anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55. Kwa lazima ni miaka 60. Akiba ya uzeeni si kibubu cha nyumbani, ukivunje siku mtoto akidaiwa ada au mvua ikigoma. Kabla ya kuweka hata shilingi moja, uliza: naweza kuichukua lini, na kwa sababu gani? Jibu lisomwe katika karatasi ya masharti. Usikubali la mdomo tu.

Sasa, nani aongeze na nani angoje?

Kwanza kabisa hesabu miezi yako. Ili upate pensheni ya kila mwezi mpaka mwisho wa maisha, lazima uwe umechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Asiyefikisha hulipwa mkupuo, basi. Mwenye miezi 170 anahitaji miezi 10 zaidi kuliko kitu kingine chochote. Na kama mwajiri anakukata lakini hapeleki michango, dai hiyo kwanza. Nenda ofisi ya Mfuko, omba taarifa ya michango yako, uisome mwezi kwa mwezi. Ndiyo faida ya kujua kusoma.

Pili, angalia deni na chakula. Mwenye deni la riba kubwa alipe deni. Akiba ya ziada itokane na fedha ambayo nyumba haitaililia.

Tatu, ukianza kuongeza, tunza kila stakabadhi. Andika majina ya warithi wako na mwambie mwenzi wako nyumbani mahali karatasi zilipo.

Haba na haba hujaza kibaba. Lakini mwenye busara hukikagua kibaba kwanza, asije akamimina nafaka katika chombo kilichotoboka.