Sura ya Tano: Bei ya Mkono wa Mtu

Mwaka 1975 Tony na Maureen Wheeler walikaa katika hoteli ya bei nafuu mjini Singapore wakaandika kitabu cha kuwaongoza vijana waliotaka kuizunguka Asia ya Kusini-Mashariki kwa fedha kidogo. Kitabu hicho, South-East Asia on a Shoestring, kilikuwa cha pili kutolewa na kampuni yao changa ya Lonely Planet. Waliweza kukiandikia Singapore kwa sababu wakati huo Singapore yenyewe ilikuwa bado mji wa kuishi kwa fedha kidogo. Leo msafiri wa begi mgongoni anayepita njia ileile, akianzia Hanoi, akashuka Siem Reap, Chiang Mai hadi Penang, hufika Singapore na kukuta kitanda kimoja cha deka katika chumba cha watu kumi kinatozwa zaidi ya chumba kizima alichokuwa akilala peke yake Kambodia. Katika orodha ya mwaka 2023 ya Economist Intelligence Unit, mji huo ulikaa nafasi ya kwanza kwa ughali duniani, sawa na Zurich. Wengi wakifikia hapo hujibana: wanaendelea na maisha yaleyale ya barabarani, ila kwa kipimo kidogo zaidi. Nadai kwamba jibu hilo halitoshi, na kwa mtu aliyekuja kukaa na kufanya kazi, linamtia hasara. Bei hazikupanda tu. Zimepangwa upya, na asiyeuona mpangilio huo ataendelea kununua vitu vilevile mahali ambapo ndivyo ghali kuliko vyote.

Maelezo bora ya mpangilio huo yalitolewa mwaka 1964 na wachumi wawili walioandika kila mmoja kivyake, Bela Balassa na Paul Samuelson. Hoja yao ni nyepesi kuifuata. Simu, betri au kadi ya kumbukumbu husafirishwa kutoka nchi hadi nchi, kwa hiyo bei yake Bangkok na bei yake Singapore haziwezi kuachana mbali. Kunyoa nywele hakusafirishwi. Kinyozi wa Hanoi na kinyozi wa Singapore wana mashine ileile, kiti kilekile, na kichwa kimoja huwachukua muda uleule. Lakini Singapore ina viwanda vya mikrochipu, bandari na mabenki ambamo mfanyakazi mmoja huzalisha mali nyingi kwa saa, na hulipwa kadiri hiyo. Kinyozi asipolipwa vizuri ataiacha kazi yake na kuwafuata wenzake huko, kwa hiyo bei ya kunyoa hupanda ingawa ufundi haukubadilika hata kidogo. Kodi ya nyumba nayo hupanda, kwa kuwa watu wenye mishahara hiyo wanaigombania ardhi ileile ya kisiwa kidogo. Mwaka 1965, Singapore ilipojitenga na Malaysia, pato la mtu mmoja lilikuwa takriban dola 500 za Marekani kwa mwaka; sasa limepita 80,000. Ule unafuu wa siku za akina Wheeler uliondoka pamoja na mishahara midogo iliyoubeba.

Ukilielewa hilo, utaitazama upya ile miezi ya kusafiri. Maisha ya begi mgongoni husemwa kuwa maisha ya vitu vichache, na kwa upande wa vitu ni kweli: suruali mbili, kandambili, simu. Kwa upande wa kazi za watu wengine ni maisha ya anasa. Chiang Mai nguo hupelekwa dukani asubuhi zikapimwa kwa kilo, jioni zinarudi zimefuliwa, zimekaushwa na kukunjwa vizuri na mwanamke ambaye msafiri hakuuliza hata jina lake. Chakula hupikwa na mtu mwingine mara tatu kwa siku. Safari ya dakika kumi hufanywa nyuma ya pikipiki yenye dereva. Bei chee ya mambo haya yote ni mshahara wa mtu, mshahara mdogo. Singapore mtu huyo huonekana kwa nadra. Hosteli ina mashine ya kufulia inayokula sarafu, nawe ndiye utakayekunja. Tangu Septemba 2021 anayemaliza kula katika vituo vya wachuuzi wa vyakula anatakiwa kisheria kurudisha sinia na vyombo vyake mahali pake. Sababu iliyotolewa ni usafi, lakini mgeni ajifunze jambo la pili humo: mji huu hauchukulii kwamba siku zote kutakuwa na mkono wa kupanguza nyuma yako. Akiingia mgahawani atakuta alama mbili za kujumlisha mbele ya bei. Ya kwanza ni asilimia 10 ya huduma na ya pili ni kodi ya mauzo, ambayo tangu 2024 ni asilimia 9, kwa hiyo sahani iliyoandikwa dola 20 italipiwa karibu dola 24.

Juu ya gharama ya kazi ya watu kuna bei ambazo serikali imezipandisha kwa makusudi. Bia ni mfano mzuri kwa kuwa ndiyo inayolalamikiwa zaidi. Ushuru wa bia Singapore ni dola 60 za huko kwa kila lita ya kileo halisi, kiwango kilichowekwa mwaka 2014. Chupa ya nusu lita yenye kileo cha asilimia 5 ina mililita 25 za kileo, kwa hiyo inabeba ushuru wa dola moja na nusu kabla muuzaji hajaongeza chochote. Fedha hiyo peke yake inazidi bei ya glasi nzima ya bia hoi kwenye viti vidogo vya plastiki vya Hanoi. Gari nalo, tangu 1990, huhitaji cheti cha haki ya kulimiliki kwa miaka 10, na mwaka 2023 vyeti vya magari ya kawaida vilipita dola 100,000 za Singapore, bila gari lenyewe. Hata hivyo serikali hiyohiyo imevishusha vitu vingine hadi vikawa karibu bure. Treni za mjini, zilizoanza kutembea 1987, humvusha mtu kisiwa kizima kwa dola chache. Maji ya bomba hunywewa bila kuchemshwa, na msafiri aliyekuwa akinunua chupa mbili tatu kila siku Thailand anaweza kuacha kabisa. Bustani ya Mimea, iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2015, hufunguliwa tangu alfajiri hadi usiku wa manane bila kiingilio. Maktaba za umma ziko wazi kwa yeyote, na zina viyoyozi. Naona ajabu kwamba watu wengi wanaopita pale hutumia siku zao kulaumu bei ya bia wakati mambo haya yako mbele yao.

Msomaji makini atapinga hapa. Kama mkono wa mtu ndio ghali, mbona sahani ya wali na kuku katika vituo vya wachuuzi huuzwa kwa dola nne hadi sita za Singapore, ikiwa imepikwa na mtu mbele ya macho yako? Pingamizi hili ni zito, na jibu lake limo katika historia. Kati ya 1971 na 1986 serikali iliwaondoa wachuuzi barabarani ikawajengea vituo vyenye maji na umeme, na wengi wa wale wa mwanzo wakapewa vibanda kwa kodi ya ruzuku. Msomaji wa Dar es Salaam awafikirie mamantilie wa mtaa mzima wamewekwa chini ya paa moja la manispaa. Mwaka 2020 UNESCO iliutambua utamaduni huo, na leo vituo ni zaidi ya 110. Unafuu ule, basi, umeshikiliwa na sera, na pia na migongo ya wazee, maana wachuuzi wengi wamezeeka na watoto wao hawaitaki kazi ya kuamka usiku kuchemsha mchuzi. Vilevile usafi na ujenzi wa mji hutegemea watu waliotoka Bangladesh, India na Myanmar kwa mishahara isiyofanana na ya wenyeji, na maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi hulala Johor, upande wa Malaysia, wakivuka daraja kila alfajiri. Palipo na bei ndogo katika mji ghali kuna anayeilipa, awe hazina ya serikali au mtu mwenye ujira mdogo. Hoja ya Balassa na Samuelson haijavunjika kwa hilo. Imeonyesha tu ni wapi imezuiwa na kwa gharama ya nani.

Pingamizi la pili linagusa zaidi mfuko. Mtu asiye na mshahara wa Singapore atafaidikaje kwa kuujua mpangilio wa bei, ikiwa jumla yake bado inamshinda? Kwa anayepita siku mbili tatu nakubali kabisa: kitanda kitamla, na busara yoyote itapunguza kidogo tu. Anayehitaji sura hii ni aliyekuja kuanza kazi, kwa sababu yeye anao mshahara wa pale, lakini kichwani bado anahesabu kwa bei za alikotoka. Jinsi namba isiyohusika inavyoweza kuvuta makadirio ilionyeshwa na Amos Tversky na Daniel Kahneman mwaka 1974. Watu walizungushiwa gurudumu la namba, kisha wakaulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Walioangukiwa na 10 walikadiria asilimia 25, walioangukiwa na 65 wakakadiria 45. Ikiwa gurudumu tu lina nguvu hiyo, miezi ya kulipa chakula cha jioni kwa sarafu ina nguvu kubwa zaidi.

Uri Simonsohn na George Loewenstein walilipima jambo hili kwa kodi za nyumba Marekani, katika utafiti waliouchapisha 2006. Waligundua kwamba familia zilizohamia mji fulani kutoka miji ya bei rahisi zilipanga nyumba za kodi ndogo kuliko familia zilizotoka miji ghali, hata kipato kilipozingatiwa. Kisha, zilipohama tena ndani ya mji uleule, tofauti hiyo ilirekebishwa. Hayo yanaonyesha kwamba uchaguzi wa kwanza haukutokana na tabia ya ubahili au ya ufujaji. Ulitokana na bei za zamani, na ulipoteza nguvu mara watu walipozizoea mpya. Anayetoka Hanoi yumo katika hatari ya kundi la kwanza: kupanga chumba kibovu au cha mbali mno, kisha kuzila akiba zake kwa teksi na vyakula vya mgahawani.

Singapore kosa hilo halisahihishwi upesi. Sheria hairuhusu kupanga nyumba ya mtu binafsi kwa chini ya miezi mitatu mfululizo, na kwa nyumba za shirika la serikali, ambako wakazi wengi huishi, muda wa chini ni miezi sita. Wenye nyumba wengi hutaka mwaka au miwili. Kwa hiyo ningemshauri mgeni alipie hosteli kwa wiki kadhaa za kwanza, ijapokuwa ni ghali kwa usiku mmoja. Katika wiki hizo ale kwenye vituo vya wachuuzi, apande treni kwenda kazini saa za msongamano, na aandike kila alicholipa kwa dola za Singapore bila kukibadilisha kuwa dong wala baht. Mkataba wa chumba ausaini baada ya hapo.