Maji Kichwani mwa Mtoto

Ninyi mlio katika vikundi vya kusikiliza, wekeni karatasi na kalamu karibu, maana leo mna picha ya kuchora.

Somo letu ni upasuaji wa ubongo. Najua wengine mtasema, hayo ni mambo ya miji mikubwa ya Ulaya, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2018 ilionyesha kwamba kila mwaka watu zaidi ya milioni 5 wenye maradhi ya ubongo au ya uti wa mgongo, maradhi yawezayo kutibiwa kwa kupasuliwa, hawapati tiba hiyo. Upungufu mkubwa uko Afrika na Asia. Miongoni mwao wamo watoto wachanga wenye maji kichwani.

Jina la kichwa maji watu hulitumia kama tusi. Tuache tusi, tutazame ugonjwa wenyewe. Ndani ya ubongo mna vyumba vinne vidogo. Humo hutengenezwa maji safi, na kwa mtu mzima hupata karibu nusu lita kwa siku. Maji hayo hupita chumba hadi chumba kwa vijia vyembamba, hutoka na kuuzunguka ubongo, kisha huingia katika damu. Choreni vyumba hivyo na vijia vyake. Sasa zibeni kijia kimoja. Maji yaendelea kutengenezwa, lakini hayana pa kutokea. Mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga haijaungana bado, basi kichwa hupanuka, utosi hutuna, mishipa huonekana juu ya ngozi, na macho hugeuka kutazama chini. Ubongo wabanwa. Asipotibiwa, mtoto aweza kupofuka au akili yake kudumaa, na wengi hufa.

Je, ni nini kinachoziba? Wengine huzaliwa hivyo, na wenye mgongo wazi hupatwa mara nyingi. Lakini mjini Mbale, mashariki ya Uganda, chini ya Mlima Elgon, lilionekana jambo jingine. Huko iko hospitali ya watoto ya CURE, na daktari wa Kimarekani, Benjamin Warf, alihamia Uganda mwaka 2000 kwa kazi hiyo. Mwaka 2005 alitangaza habari za watoto 300. Karibu 60 katika kila 100 walipata ugonjwa huu baada ya vijidudu kuingia ubongoni, na wengi wa hao waliambukizwa katika mwezi wa kwanza wa maisha yao. Basi homa au degedege ya mtoto mchanga si jambo la kungojea kesho.

Hakuna dawa ya kunywa inayoponya ugonjwa huu. Tangu miaka ya 1950 madaktari wametumia mpira mwembamba wenye kilango. Siku hizi hupitishwa chini ya ngozi, kutoka ubongoni hadi tumboni, maji yakateremka. Mpira huo umeokoa watoto wengi mno. Lakini huziba, hukatika, au huingiwa na vijidudu. Hata katika nchi tajiri, karibu nusu ya mipira ya watoto huharibika katika miaka miwili ya kwanza. Huko mama humkimbiza mtoto hospitali akapasuliwa tena siku ile ile. Mfikirieni sasa mama wa shamba, nauli ni ya kukopa, na mvua imekata barabara. Mpira ukiziba usiku, huenda asifike na mtoto aliye hai.

Kwa ajili ya mama huyo Warf alitafuta njia isiyoacha kitu mwilini. Chombo chembamba chenye taa huingizwa utosini, kikatoboa tundu dogo katika sakafu ya chumba cha tatu, na maji yakapata njia mpya. Kutoboa huko kulijulikana tangu zamani, ila kwa watoto wachanga mara nyingi hakukufaulu. Yeye akaongeza kuunguza ile nyama laini inayotengeneza maji. Kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja, kutoboa peke yake kulifaulu kwa 47 katika kila 100. Kutoboa pamoja na kuunguza, 66.

Msidhani kwamba mpira umetupwa. Mwaka 2017 zilichapishwa habari za watoto 100 wa Mbale, wengine waliotiwa mpira, wengine waliofanyiwa njia mpya. Baada ya mwaka mmoja akili zao hazikupitana. Hata lile tundu laweza kuziba, hasa katika miezi ya kwanza, kwa hiyo mtoto lazima arudishwe kutazamwa.

Warf alirudi Marekani mwaka 2006. Kazi ya Mbale haikusimama, kwa kuwa Daktari John Mugamba, Mganda, alikwisha kujifunza, na madaktari wa nchi nyingine wamekwenda huko kufundishwa. Hilo mimi naliona kubwa kuliko chombo chenyewe.

Kliniki hupima kichwa cha mtoto kwa utepe, kuzunguka juu ya nyusi na kisogoni. Ukiona kichwa chakua upesi mno, au utosi umetuna, mpeleke mara, usingojee siku ya kliniki.

Kabla ya somo lijalo, kila kikundi kijibu: kutoka kwenu hadi hospitali yenye daktari wa kupasua kichwa ni mwendo wa saa ngapi, usiku, wakati wa masika? Gari ni la nani, na nauli itatoka wapi? Andikeni majibu yenu.