Kusamehe hakufuti haki: mafundisho ya Kikristo kuhusu aliyetukosea

Je, Mkristo aliyeumizwa anatakiwa kusamehe hata pale ambapo haki haijatendeka? Swali hili ni la tangu enzi za mitume, lakini kwa jamaa za waliouawa mjini Buffalo nchini Marekani, na kwa manusura wa Gatumba nchini Burundi, ni swali la kila siku.



Tarehe 14 Mei mwaka 2022, kijana mwenye umri wa miaka 18 alilivamia duka la Tops katika barabara ya Jefferson mjini Buffalo, jimbo la New York. Aliwaua kwa risasi watu 10, wote wakiwa Wamarekani weusi, na kuwajeruhi wengine watatu. Alikuwa amesafiri kiasi cha kilomita 320 kuufikia mtaa huo, ambao aliuchagua kwa sababu ya rangi ya wakaazi wake. Miongoni mwa waliouawa alikuwemo shemasi wa kanisa aliyezoea kuwasaidia majirani kwa kuwachukua dukani na kuwarudisha nyumbani kwa gari lake. Alikuwemo pia Ruth Whitfield, bibi wa miaka 86, aliyepita dukani akitoka kumtazama mumewe katika nyumba ya kutunzia wazee.

Siku chache baadaye mwanawe, Garnell Whitfield, aliyewahi kuwa mkuu wa kikosi cha zima moto cha Buffalo, alizungumza na waandishi wa habari. Kwa uchungu aliuliza ni vipi watu weusi wanatarajiwa kusamehe na kusahau tena na tena, ilhali wenye madaraka hawafanyi lolote la kuwalinda. Mwezi Juni mwaka huo huo alifika pia mbele ya kamati ya Baraza la Seneti mjini Washington kudai hatua zichukuliwe.

Wapo waumini waliostushwa na maneno kama hayo. Kwani Mkristo hakuamriwa kusamehe?

Ni kweli kwamba ameamriwa, na amri yenyewe haina kona za kujificha. Katika sala ambayo Yesu aliwafundisha wanafunzi wake, muumini anamwomba Mungu msamaha kwa kipimo kile kile anachowapimia wenzake. Na katika sura ya 18 ya Injili ya Mathayo, Petro anataka kujua mpaka wa wajibu huo. Anadhani mara saba zingetosha. Yesu anaizidisha hesabu hiyo mara nyingi mno, hata ikawa haina maana tena kuhesabu.

Kisha anatoa mfano. Mtumishi mmoja alikuwa akidaiwa na mfalme talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa sawa na dinari 6,000 hivi, na dinari moja ndiyo ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Deni hilo basi lilikuwa la siku milioni 60 za kazi, yaani zaidi ya miaka 160,000. Mfalme alilifuta lote. Mtumishi huyo alipotoka nje alikutana na mwenzake aliyekuwa na deni lake la dinari 100, mshahara wa miezi mitatu au minne, akamkaba koo na kumtia gerezani. Mfalme aliposikia habari hiyo alighadhibika, akamtia mikononi mwa watesaji.

Fundisho hapa ni zito: anayekataa kusamehe anajifungia mwenyewe mlango wa rehema. Hata hivyo, yafaa kuangalia ni jambo gani hasa lililomponza mtumishi yule. Hakulaumiwa kwa kusema kwamba anadai, maana dinari 100 zilikuwa deni la kweli, wala mfano hausemi kuwa zilikuwa kidogo kwa mtu maskini. Kosa lake lilikuwa ule mkono alioupeleka kwenye koo la mwenzake, naye mwenyewe akiwa ndio kwanza ametoka kuhurumiwa.

Kusamehe, kwa lugha hiyo ya Injili, ni kuachilia deni. Lakini hakuna awezaye kuachilia deni ambalo halijatajwa. Ndiyo maana katika sura hiyo hiyo ya 18, kabla Petro hajauliza swali lake, Yesu anaeleza utaratibu wa kufuatwa ndugu anapokosa. Kwanza aliyekosewa amwendee na kumwonya wakiwa wawili tu. Asiposikia, aende na shahidi mmoja au wawili. Akikataa bado, shauri lifikishwe kwa kanisa zima. Injili ya Luka, sura ya 17, nayo inaanza na kumkemea mkosaji, kisha inafuata toba, na baada yake msamaha.

Aliyekosewa anapolitaja kosa kwa jina lake, basi, haendi kinyume na Injili. Swali la Garnell Whitfield halikuwa kukataa kusamehe. Lilikuwa ni kukataa msamaha utumike kama pazia la kulifunika kosa.

Mpenzi msikilizaji, hapa inatupasa kutofautisha mambo matatu ambayo mara nyingi huchanganywa mimbarini na hata majumbani: kusamehe, kupatana, na haki ya mahakama.

Kusamehe kunaweza kufanywa na mtu mmoja. Aliyeumizwa anaweza kuacha kisasi hata kama aliyemuumiza hajaomba radhi, hajulikani aliko, au amekwishafariki dunia. Mtume Paulo, katika sura ya 12 ya Waraka kwa Warumi, anawataka waumini wamwachie Mungu kisasi.

Kupatana kunahitaji watu wawili. Katika sura ya 5 ya Mathayo, anayeambiwa aiache sadaka yake madhabahuni na kwenda kwanza kupatana ni yule ambaye nduguye ana neno juu yake. Mzigo wa kuianza safari umewekwa mabegani mwa mkosaji. Fundisho hili halihubiriwi sana. Aghalabu mahubiri ya msamaha huelekezwa kwa aliyeumia peke yake. Yusufu wa kitabu cha Mwanzo, aliyeuzwa utumwani na ndugu zake, hakujitambulisha kwao siku ya kwanza walipofika Misri kutafuta chakula. Aliwapima kwanza. Ni pale Yuda alipojitoa abaki mtumwa badala ya Benyamini ndipo Yusufu alipolia na kuwaambia yeye ni nani.

Kwa hiyo, mwanamke anayepigwa na mumewe, akiwa Bukavu, Kigoma au katika mtaa wa Linden mjini Columbus, hawezi kuambiwa na wazee wa kanisa kwamba kusamehe maana yake ni kurudi kwenye nyumba ile ile, siku ile ile. Anaweza kumsamehe na bado akakaa mbali naye. Anaweza kumsamehe na bado akatoa taarifa polisi.

Jambo la tatu ni haki ya mahakama. Papa Yohane Paulo wa Pili alipigwa risasi na Mehmet Ali Ağca tarehe 13 Mei mwaka 1981. Siku nne baadaye, akiwa hospitalini, alitangaza kuwa amemsamehe, na mwezi Desemba mwaka 1983 alimtembelea gerezani mjini Roma. Hata hivyo Ağca aliendelea kutumikia kifungo chake nchini Italia hadi mwaka 2000, aliposamehewa na rais wa nchi hiyo. Msamaha wa aliyeumizwa ulikuja mapema, na sheria ilifuata njia yake.

Mjini Buffalo pia mambo hayo yalionekana pamoja. Tarehe 15 Februari mwaka 2023, muuaji alihukumiwa na mahakama ya jimbo kifungo cha maisha bila ya uwezekano wa kuachiliwa. Kabla ya hukumu jamaa za waliouawa walipewa nafasi ya kusema. Baadhi walimlaani kwa hasira, na mtu mmoja alimrukia hata akazuiliwa na walinzi. Wengine walinukuu Biblia au walisema wanamwombea. Muuaji mwenyewe aliomba radhi. Hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kumsamehe kwa niaba ya mwenzake. Kila familia ilibeba msiba wake, na kila mmoja alijibu kwa kadiri ya nguvu alizopewa.

Lakini vipi pale ambapo hata mahakama haipo? Hilo ndilo jaribu la manusura wa Gatumba. Usiku wa tarehe 13 Agosti mwaka 2004, watu wenye silaha waliivamia kambi ya wakimbizi ya Gatumba nchini Burundi, karibu na mpaka wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Zaidi ya watu 150 waliuawa, wengi wao wakiwa Banyamulenge kutoka Kivu Kusini. Kundi la waasi la FNL lilitangaza kuhusika. Shirika la Human Rights Watch liliripoti kwamba washambuliaji walifika wakipiga ngoma na kuimba nyimbo za dini.

Baadhi ya manusura walipewa makaazi mapya nchini Marekani, na kila mwezi Agosti huwakumbuka wapendwa wao. Mwaka 2024, miaka 20 ilipotimia, walikuwa bado wakidai wahusika wafikishwe mahakamani. Katika miji kama Louisville, Columbus na Buffalo, mkimbizi wa Kongo aweza kuketi benchi moja kanisani na mtu wa upande ambao zamani aliukimbia, wakaimba pamoja nyimbo za Kiswahili. Kumwambia manusura wa Gatumba asamehe na kunyamaza ni kumwongezea jeraha, kwani waliowaua watu wake nao walifika wakiimba.

Mafundisho ya Kikristo hayamwambii anyamaze. Yanamwambia asiushike mkuki, wala asimhesabie mtoto wa muuaji dhambi ya baba yake. Yanamruhusu kuomboleza, kutaja majina ya wafu wake na kudai hukumu ya haki. Ikiwa moyo wake leo hauwezi kusamehe, Zaburi zimejaa vilio vya watu waliomweleza Mungu hasira zao bila kuzificha, na vilio hivyo vimehesabiwa kuwa ni sala.

Nalo kanisa lina sehemu yake. Kabla ya kumuuliza aliyeumizwa kama amekwisha kusamehe, lapaswa kumuuliza aliyeumiza kama amekwisha kwenda kwa nduguye.