MTU WA JUU: KAZI YA KUPANDA NA KUKATA MITI KITISURU

Ukishika barabara ya Peponi ama ile ya Lower Kabete asubuhi kuelekea Kitisuru, mara nyingi utasikia mngurumo juu ya vichwa vya watu. Si ndege hiyo, wala si tingatinga. Ni msumeno wa injini, na mwenye kuushika yuko mtini, mita 20 kutoka ardhini, mguu mmoja kwenye panda ya tawi na mwingine umekanyaga gome tupu. Sisi wapita njia husimama, tukashika viuno tukasema, "Wee! Huyo ana roho ngumu!" Kisha tunaenda zetu. Mwaka huu nilisimama zaidi ya mara moja, nikauliza maswali, na yale niliyoyasikia nikayalinganisha na tuliyofundishwa darasani katika Fizikia na Biolojia. Kumbe roho ngumu ni sehemu ndogo tu ya shughuli yenyewe. Kazi hii ni ya vidole, magoti, mabega na nyayo.

Kwanza, kwa nini Kitisuru? Upande huu wa Nairobi, zama za ukoloni, ulikuwa na mashamba ya kahawa, na migrivea ilipandwa iwe kivuli na mipaka. Mikaratusi nayo ililetwa nchini mwanzoni mwa karne ya 20 kutoka Australia ili zipatikane kuni za kuendeshea garimoshi. Mijakaranda asili yake ni Amerika ya Kusini. Leo mashamba yamegeuka viwanja vyenye majumba ya kifahari, lakini miti imebaki. Imezeeka, imerefuka, na imeinamia mapaa, kuta na nyaya za stima. Mti wa namna hii huwezi kuupiga shoka shinani ukauacha uanguke utakako. Utaangukia sebule ya jirani! Lazima ushushwe kipande kwa kipande, kuanzia kileleni. Ndiyo maana anatafutwa mtu wa juu, na aghalabu hutoka si mbali: Kibagare, Mwimuto, Kangemi.

Sasa tuchukue daftari la Fizikia. Mtu wa kilo 65 akipanda mita 20 hufanya kazi ya jouli 12,740 hivi. Hata tukihesabu kwamba sehemu kubwa ya nishati ya mwili hupotea kama joto, chakula kinachohitajika kwa mpando mmoja huenda kisizidi nusu slesi ya mkate. Ukisoma hesabu hiyo peke yake utasema, "Aa, hii ni kazi ya watoto." Basi mbona fundi hushuka saa sita mikono ikimtetemeka hata hawezi kufungua chupa ya maji?

Jibu liko pale ambapo Fizikia na mwili hugombana. Katika Fizikia, kazi ni kani mara umbali. Ukishika msumeno wa kilo 5 mbele yako dakika tatu bila kuusogeza, umefanya kazi sufuri. Mwalimu atakupa alama ukiandika hivyo. Lakini jaribu kushika ndoo ya maji kwa mkono ulionyooka, uone. Misuli haijui habari ya umbali. Ili ibaki imekaza, nyuzi zake hujivuta tena na tena bila kupumzika, na kila mvuto unakula nishati. Tena msuli uliokazwa sana hubana mishipa ya damu iliyomo ndani yake. Damu isipopita, oksijeni haifiki na uchafu hauondolewi. Hapo ndipo kigasha kinapoanza kuwaka moto, vidole vikakosa utii. Mtu anayepanda ngazi misuli yake hukaza na kulegea, hukaza na kulegea, damu ikapita. Mtu wa juu amekwama. Anakumbatia shina kwa mapaja, anashika tawi kwa mkono mmoja, na wa pili unasubiri. Kile tunachokiona sisi kuwa ni kutulia ndicho kinachommaliza.

Mzee mmoja aliyefanya kazi hii miaka mingi aliniambia, "Kijana wangu, kupanda ni raha. Taabu ni kukaa." Ilinichukua muda kumwelewa.

Na nyayo je? Sisi tumezoea kusimama juu ya kitu bapa. Mtini unyayo unakunjwa katika panda, ama unabeba uzito wote juu ya tawi lisilo pana kuliko mpini wa jembe. Baada ya saa moja upinde wa mguu unauma kama umepigwa nyundo. Wengine huvaa njumu zenye miiba ya chuma inayochoma gome. Hizo husaidia, lakini huhamishia mzigo magotini, kwa sababu mtu anasimama magoti yakiwa yamesukumwa nje. (Zaidi ya hayo, njumu hizo zinafaa kwa mti unaoangushwa tu. Mti unaopogolewa ili uendelee kuishi huachiwa vidonda kila hatua.) Wengi hawana njumu. Hupanda miguu mitupu ama kwa raba kuukuu, na ngozi ya sehemu ya ndani ya mapaja na mundi huwa sugu kama ya kiatu.

Kila mti una kisirani chake. Mkaratusi hauna matawi ya chini, na gome lake laini likilowa huteleza kama sabuni. Tena una tabia mbaya ya kudondosha tawi zima siku ya jua kali, bila upepo wala onyo. Mgrivea na mjakaranda una matawi yanayovunjika upesi. Ukilikanyaga mbali na shina, umeaga. Msaipresi umesongamana, kila hatua unakwaruzwa uso, na utomvu wake hunata mikononi. Kuhusu mugumo, wapo mafundi wa makamo ambao hawataki kuugusa hata uwaongeze malipo, kwa sababu kwa Wakikuyu huo ni mti mtakatifu. Sikuwauliza zaidi, nao hawakuonekana kutaka kueleza.

Halafu kuna nyuki. Mngurumo na mtikisiko wa msumeno huwatia wazimu. Ukiwa chini utakimbia. Ukiwa juu utakimbilia wapi? Fundi mwenye busara huuzunguka mti kwanza, akitazama mashimo na kusikiliza, kabla hajafunga kamba.

Tukilinganisha na ndugu zetu wa pwani, mkwezi wa minazi ana ufundi wake. Yeye huparaga shina lisilo na tawi hata moja, akikanyaga vidato vilivyochongwa, na mgema hupanda mnazi uleule asubuhi na jioni, siku nenda siku rudi. Mapafu na miguu yake ni ya ajabu. Waogieki wa Mau nao tangu kale hupandisha mizinga ya nyuki juu ya miti mirefu ya msituni. Lakini mkwezi hupanda, akaangua, akashuka. Mtu wa juu wa Kitisuru hukaa huko saa nzima, pengine mbili, tena akiwa na mashine inayokata. Isitoshe, Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na huku kanieneo ya hewa ni kama sehemu 4 kati ya 5 za ile ya Mombasa. Mgeni kutoka pwani atahema kabla hajafika nusu.

Msumeno wenyewe una mambo matatu. Una uzito, na uzito huo huongezeka maradufu kwa hisia kadiri mkono unavyonyooka mbali na mwili. Una kelele inayopita desibeli 100, ilhali madaktari wanatuonya kwamba kelele ya desibeli 85 siku nzima, miaka nenda miaka rudi, inatosha kuharibu masikio. Na una mtetemo. Mtetemo huo, ukizoeleka kwa miaka, huharibu mishipa midogo na neva za vidole. Asubuhi ya baridi, hasa mwezi wa Julai, vidole hufa ganzi na kugeuka vyeupe. Mtu huyo hawezi kufunga kifungo cha shati. Tena haponi kwa urahisi. Niliwaona mafundi wakipulizia mikono yao kabla ya kazi, nikadhani ni baridi ya kawaida tu.

Tusimsahau mtu wa chini. Kipande cha mkaratusi mbichi chenye urefu wa mita 1 na kipenyo cha sentimeta 40 kina uzito wa zaidi ya kilo 100. Kipande hicho kinashushwa kwa kamba iliyozungushwa shinani mara mbili tatu, ili msuguano ubebe mzigo ambao mikono haiwezi. Akiachia haraka, ukuta wa watu umebomoka. Akishika ghafla, shina lote linayumba na aliye juu anarushwa huku na huku kama nguo kwenye kamba. Wawili hawa huelewana kwa ishara, maana kelele haziruhusu maneno. Nimeona timu moja ambayo mtu wa chini hakuondoa macho juu hata alipoletewa chai. Alikunywa strungi yake akiwa amekunja shingo vilevile.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya. Kamba.

Mtu akianguka kutoka mita 10 hutumia sekunde 1.4 tu, na hugonga ardhi akiwa na mwendo wa kilomita 50 kwa saa, sawa na matatu iliyo barabarani. Hilo kila mtu analiogopa. Lakini wengi hawajui kwamba hata aliyeshikwa na kamba hajaokoka bado. Kamba ya katani iliyofungwa kifuani hubana mbavu, pumzi ikakatika. Hata mkanda mzuri wa usalama wenye vishikio vya mapaja una hatari yake: mtu aliyezirai akining'inia wima bila kutikisa miguu, damu hujikusanya miguuni, moyo ukakosa ya kutosha kupeleka kichwani. Katika muda mfupi, dakika tu, anaweza kufa akiwa hana hata jeraha. Kwa hiyo lazima awepo mwingine anayeweza kupanda na kumshusha upesi. Katika nchi ambako kazi hii ina vyuo vyake, uokoaji huo hufundishwa na hata kushindaniwa: wapanda miti hushindana kumshusha majeruhi wa bandia kutoka mtini kwa muda uliowekwa. Huko pia anayetumia msumeno wa injini mtini hutakiwa ajifunge mara mbili, mahali pawili, ili mnyororo ukikata kamba moja ibaki nyingine.

Hapa kwetu nimeona kamba moja tu. Mara nyingine ni ileile iliyotumika jana kuvutia gogo. Kamba hukatikia pabovu, na pabovu hapaonekani kwa macho ikiwa kamba imelowa utomvu na vumbi.

Na stima! Nyaya kubwa za kusambaza umeme hapa nchini hubeba volti 11,000 ama 33,000. Tawi bichi lililolowa mvua hupitisha umeme, na mkono ukishikwa, misuli ya kigasha hukaza yenyewe: vidole hufumba, havifumbuki. Miti iliyo karibu na nyaya yafaa iachiwe wenye stima wenyewe, na umeme uzimwe kwanza. Lakini mwenye nyumba ana haraka, na kibarua ana njaa.

Sheria tunazo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka huohuo inamtaka awakatie wafanyakazi bima. Shida ni hii: kibarua wa siku moja, aliyepatikana langoni kwa kuulizana na askari, mwajiri wake ni nani? Mwenye nyumba husema nimempa kontrakta. Kontrakta husema yule si mtu wangu, alikuja kusaidia tu. Jirani yetu mmoja alianguka miaka kadhaa iliyopita, katika boma ambalo sitalitaja, akavunjika nyonga na bega. Aliyemwita kazini alimlipia teksi ya kwenda hospitali, na hapo hadithi ikaisha. Harambee ya kanisani ndiyo iliyolipa mengine. Leo anauza miche ya maua kando ya barabara. Mkono wa kulia haupandi juu ya sikio.

Nilimwuliza kama angeweza kuwafundisha vijana wanaoingia kazini. Alicheka kidogo. Akasema huwafundisha, wapitapo pale kibandani na kamba zao begani. Kwanza huwauliza wamekula nini, kwa sababu mtu aliyepanda na chai tupu huanza kutetemeka kufikia saa nne. Wanaotafuna miraa ama waliopiga moja ya kuondoa woga huwaambia warudi nyumbani, na wengine humtukana. Kisha huomba kamba. Huipitisha polepole katika vidole vya mkono wa kushoto, ule mzima, akiwa amefumba macho, kutoka ncha hadi ncha. Juma lililopita alisimama katikati, akachukua kisu cha kukatia miche, akaikata kamba ya kijana mmoja vipande viwili. Kijana alipiga kelele, akadai alipwe. Mzee alimpa shilingi mia mbili alizokuwa amepata asubuhi hiyo, akamwonyesha nyuzi zilivyooza ndani.