Mbio za hisani na joto la pwani

Marafiki wakitoka Tanga Jumamosi kwenda kukimbia Dar es Salaam, safari yenyewe ni sherehe. Mbio za CRDB, zilizoanza mwaka 2020, zimechangia upasuaji wa moyo kwa watoto, twazipongeza.

Lakini hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Jasho hutiririka bila kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Mwenzenu akianza kupepesuka au kusema ovyo, msimhimize amalizie, hata kama mwisho unaonekana! Sisi wauguzi twasihi: mlazeni kivulini, mmwagieni maji, mfunikeni kanga iliyoloweshwa, mpepeeni bila kuacha, na mmoja akaite gari la wagonjwa. Kama hajitambui, msimnyweshe kitu. Madafu atakunywa akipona.